Majibu Yatarudi kwa Mwenye Damu

Mwongozo wa utafiti ulitaka mgonjwa alale chali nusu saa nzima, asiongee wala asiinue kichwa, ndipo atolewe damu. Bernadeta alilala dakika nne.

Dakika ya kwanza alitazama dari. Ya pili alishika ukingo wa kitanda kwa mikono yote miwili. Ya tatu alianza kuvuta pumzi kwa mdomo, fupifupi, kama mtu anayezama na kuibuka. Ya nne alikurupuka akakaa, akaning'iniza miguu iliyovimba mpaka vifundo havionekani, akakohoa hadi machozi yakamtoka. Alipopata sauti, jambo la kwanza alilofanya ni kuomba radhi.

"Nisamehe, dada. Nikilala ni kama mtu amenikalia kifuani. Hata nyumbani nalala nimekaa, nimeegemea gunia la mpunga."

Radhi hiyo ndiyo iliyomchoma Wilhelmina. Mtu anazama nchi kavu, halafu anaomba msamaha kwa kuharibu ratiba ya watu.

Wilhelmina alikuwa fundi sanifu wa maabara katika hospitali moja ya misheni iliyojengwa kati ya majabali ya Mwanza, mahali ambapo ukitoka wodini kwenda maabara unapita katikati ya mawe mawili makubwa kuliko kanisa. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, stashahada yake kaitundika ukutani juu ya jokofu, na ulimi ambao mama yake mzazi alikwisha kuukatia tamaa. Mwaka ule wa tisini na sita chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilikuwa kimeleta utafiti hospitalini hapo, na kazi ya kuchukua damu ilikuwa yake.

Utafiti wenyewe ulikuwa juu ya moyo. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba moyo si pampu tu. Kuta zake zinapotanuliwa na damu iliyozidi, moyo wenyewe hutoa kemikali fulani kwenye damu, na kemikali hiyo huziambia figo zitoe chumvi na maji ili mzigo upungue. Moyo mzima hutoa kidogo sana. Moyo uliochoka hutoa nyingi, na kadiri unavyochoka ndivyo unavyozidi kutoa. Kwa hiyo ukiweza kuipima kemikali ile, unaweza kuijua hali ya moyo bila kuuona. Huko Ulaya kipimo hicho kilikuwa bado mikononi mwa watafiti, nao walitaka kujua kama kinasema kweli pia kwa watu wa kandokando ya ziwa letu. Walihitaji wagonjwa arobaini wenye pumzi fupi na miguu iliyovimba, na watu arobaini wenye afya njema wa kulinganisha nao.

Bernadeta alikuwa mgonjwa namba ishirini na tatu.

"Mfute," alisema Daktari Luhaga alipopita na kuambiwa habari za dakika nne. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi na msimamizi wa utafiti kwa upande wa Mwanza. "Andika hakufuata maelekezo. Isitoshe, huyu si mgonjwa wa moyo. Huyu ni mapafu ya kiwandani."

Akaenda zake, koti jeupe likimpepea nyuma.

Wilhelmina alibaki na fomu mkononi. Utafiti unawatafuta watu wenye moyo uliochoka, na mwenye moyo uliochoka hawezi kulala chali. Ilikuwa sawa na kuwatafuta vipofu kwa kuwagawia gazeti wasome, kisha kuwafukuza walioshindwa. Alifunga mpira kwenye mkono wa Bernadeta akiwa amekaa vilevile, akatoa damu, akaijaza kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau na kukizika haraka ndani ya ndoo ya barafu. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa muda wa kulala, aliandika: *Dakika nne. Hakuweza zaidi. Damu imetolewa amekaa.* Hakufuta namba.

Hayo mapafu ya kiwandani yalikuwa jina la Daktari Luhaga mwenyewe. Tangu wawekezaji waanze kujenga viwanda vya samaki pale ufukweni, wodi yake ilikuwa imepokea wanawake wengi wakata minofu ya sangara. Walisimama saa nane kwa zamu, kwenye baridi ya kusaga meno, mabuti ya mpira ndani ya maji yenye dawa kali ya kuulia vijidudu. Jioni miguu imevimba na vifua vinakereketa. Wenyewe walikwisha kuizoea hali hiyo kiasi kwamba mguu wa mgeni ukianza kuvimba, wenzake walimpongeza wakasema sasa amekuwa mwenyeji. Daktari alikuwa amewatibu wanawake ishirini na tisa wa aina hiyo, na wote ishirini na tisa yalikuwa kweli ni mapafu na uchovu wa kusimama. Bernadeta alikuwa wa thelathini. Aliingia na mabuti yake na kikohozi chake, na kabla hajafungua mdomo alikuwa ameshapewa jina la wenzake.

Hakuna aliyemuuliza ilianza lini. Wilhelmina alimuuliza, wakati anamfunga pamba mkononi.

"Mwezi mmoja baada ya kujifungua," Bernadeta alijibu. "Huyu wa nne. Ana miezi mitano sasa. Kiwandani nimefanya miaka miwili, dada, sijawahi kuumwa hata mafua."

Wilhelmina hakuwa daktari na alilijua hilo vizuri, kwa sababu alikumbushwa kila wiki. Lakini chuoni waliwahi kufundishwa habari za wanawake ambao moyo huwalegea baada ya uzazi, na mwalimu aliyewafundisha alisema ugonjwa huo hupita mbele ya macho ya watu kwa kuwa kila mmoja anadhani mama amechoka kwa kulea. Alimfuata Daktari Luhaga mpaka kwenye ngazi, akamweleza. Daktari alimsikiliza kwa adabu ya mtu anayengoja mvua ipite. Filamu za eksirei zilikuwa zimekwisha tangu Pasaka. Mashine ya kuupiga moyo picha ilikuwa Dar es Salaam. Yeye alikuwa na masikio yake na uzoefu wa miaka ishirini, na kifua kile kilikuwa kinapiga miluzi.

"Kazi yako ni kichupa, binti," alimaliza. "Kifua niachie mimi."

Akaandika dripu, chupa tatu kwa siku, zenye dawa ya kufungua kifua ndani yake. Chupa tatu za maji, kila siku, kwenye mwili ambao tayari ulikuwa umejaa maji mpaka kwenye mapaja.

Barafu ilitoka kiwanda kilekile alichofanyia kazi Bernadeta. Hospitali haikuwa na mtambo wa barafu, na damu ya kipimo hiki haikutaka mchezo: iingie kwenye baridi papo hapo, izungushwe kwenye mashine kabla ya nusu saa kupita, yale maji ya njano yanayobaki juu yatengwe na kugandishwa. Kila Jumanne na Ijumaa Zadok, Mjaluo wa Shirati aliyesimamia chumba cha barafu kiwandani, alileta ndoo mbili kwa mkokoteni. Na Jumamosi, ndege ya mizigo ilipokuja kuchukua minofu, alilipakia boksi la vichupa katikati ya sangara waliogandishwa na kulisindikiza mpaka uwanja wa ndege.

"Mnawapelekea damu na samaki kwenye ndege moja," alimtania Wilhelmina Ijumaa ile. "Siku wakikosea maboksi, sijui watakula nini."

"Watakula walichoagiza," alisema Wilhelmina. "Bernadeta wa meza ya sita unamfahamu?"

Zadok aliacha kucheka. Alimfahamu. Alikuwa mwepesi kuliko wote, alisema, anamaliza sangara wa kilo kumi kabla jirani yake hajanoa kisu. Siku za mwisho kabla ya kulazwa, akipanda ngazi tatu za stoo alisimama mara mbili, na msimamizi alikwisha kumwandika kuwa mvivu.

"Basi kichupa chake kimo humo ndani. Kikiyeyuka njiani, nitakudai wewe."

"Kitafika kimeganda kuliko moyo wa msimamizi," alisema Zadok, akaondoka na boksi amelikumbatia.

Sasa ikabaki shida ya majibu. Na hapa yabidi turudi nyuma miezi mitatu, siku ile fomu za kuomba ridhaa zilipofika.

Zilikuwa za Kiingereza, kurasa nne. Daktari Luhaga alimkabidhi Wilhelmina akamwambia awasomee wagonjwa kwa kifupi, kisha waweke dole gumba. Wilhelmina alizisoma mara mbili, akaona hakuna kifupi kinachoweza kuwa cha kweli, akaomba azitafsiri. Daktari aliinua mabega. Kwake yeye Kiswahili kilikuwa lugha ya kumwelekeza mgonjwa choo kilipo. Mambo yenye uzito yalikuwa na lugha yake.

Wilhelmina alifanya kazi ile siku tatu. Ile kemikali yenye jina refu la kuvunja meno aliiita "kitu ambacho moyo hukitoa unapozidiwa na mzigo", na alipowasomea akina mama wa wodini, hata yule bibi wa kutoka Bujora ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Lakini kila aliyesomewa aliuliza swali moja, na aliliuliza kwa namna ileile, wengine kwa Kisukuma: Na mimi nitaambiwa? Wilhelmina alirudi kwenye kurasa nne za Kiingereza akatafuta jibu. Damu itachukuliwa. Damu itasafirishwa. Damu itapimwa, matokeo yatachapishwa. Mwenye damu hakutajwa tena baada ya dole gumba.

Basi akaongeza mstari mwishoni kabisa, juu ya nafasi ya sahihi: *Majibu yatarudi kwa mwenye damu.*

Hakuuficha. Alizipeleka fomu ofisini kwa Daktari Luhaga zikiwa zimechapwa safi, akasema hizi ni za Kiswahili. Daktari alikuwa anazungumza na simu. Alivuta muhuri wa hospitali, akagonga kila ukurasa, pa, pa, pa, macho yakiwa dirishani, miwani ikiwa mfukoni. Watu arobaini na mmoja walikuwa wamekwisha kuweka sahihi au dole gumba juu ya muhuri ule, Bernadeta akiwa mmoja wao.

Jumatatu mumewe alikuja kumchukua. Mihayo alikuwa mfugaji wa Kisesa, mtu mrefu wa maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote. Alisema mkewe alipoingia hospitali alikuwa anatembea, sasa anashikwa mkono kwenda chooni. Alisema wazee wamekaa na wameona afadhali arudi nyumbani watafute chanzo cha balaa hili huko huko. Kama ni kufa, afe amezungukwa na watoto wake, si amefungwa kwenye chupa.

Wilhelmina hakumbishia juu ya chupa. Alimsalimia kwa Kisukuma kwanza, kwa vituo vyake vyote, maana mtu wa Kisesa huwezi kumwomba jambo kabla hujamuuliza habari za mji na za ng'ombe. Kisha akamwambia anachokijua na asichokijua. Akamwomba siku kumi.

"Siku kumi za nini?" aliuliza Mihayo.

"Za kusubiri karatasi."

"Karatasi itamponya?"

"Haitamponya. Itamfanya Daktari amtazame upya."

Mihayo alimwangalia mkewe, aliyekuwa amekaa kitandani ameinamia mto, midomo imepata rangi ya zambarau iliyoiva. Akasema siku saba.

Mchana ule Wilhelmina alishuka mjini, ofisi ya simu, akapeleka faksi Ulaya. Aliiandika kwa Kiingereza, kilichonyooka kama rula, kwa sababu alikijua vizuri na hakukiogopa. Alichokataa ni kukipigia magoti. Aliomba majibu ya namba ishirini na tatu yatumwe mapema, mgonjwa yuko katika hali mbaya, na fomu yake inamwahidi majibu. Akaambatisha ukurasa wa mwisho wa fomu, na chini ya ule mstari akaandika maana yake.

Jibu lilikuja Alhamisi, na halikuja kwake. Lilikuja kwenye faksi ya ofisi ya Daktari Luhaga.

Aliitwa. Alikuta karatasi mbili mezani, jibu la Ulaya na ile fomu yake, na Daktari amesimama. Ulaya walikuwa na heshima na walikuwa wameshangaa. Namba ishirini na tatu, walisema, haihesabiki kwa kuwa mgonjwa hakulala nusu saa, ingawa kichupa chake kilikuwa kimeshapimwa pamoja na vingine. Majibu ya mtu mmojammoja hayatolewi. Na je, mstari huu ulioongezwa, Daktari aliujua?

"Nani aliandika hiki?" aliuliza Daktari Luhaga.

"Mimi, Daktari."

"Kwenye Kiingereza kiko wapi?"

"Hakipo."

"Kwa hiyo umeghushi."

"Anayeghushi huficha. Mimi nilikuletea mezani. Ukagonga muhuri kurasa zote unatazama dirishani."

Daktari alikaa. Akafungua droo, akatoa rundo la fomu, akalisukuma mbele ya Wilhelmina pamoja na kalamu. Alizungumza polepole sasa, kama anayemwandikia mgonjwa dozi. Akate mstari ule kwenye fomu zote arobaini na moja, aweke sahihi yake pembeni, aandike kwamba lilikuwa kosa la mchapaji. Akifanya hivyo, mambo yataishia humu ndani.

Wilhelmina aliitazama kalamu. Mshahara wake ulikuwa unawasomesha wadogo zake wawili, na kazi nyingine ya maabara hapo Mwanza haikuwa inamngoja nje ya mlango. Akaikunja mikono nyuma.

"Kwenye karatasi naweza kuukata," alisema. "Lakini waliusikia kwa masikio. Huko nitaukataje?"

"Nitakufukuza kazi, Wilhelmina."

"Unaweza. Ila sababu uiandike vizuri. Andika kwamba nimefukuzwa kwa kuwaahidi wagonjwa majibu ya damu yao wenyewe, na kwamba ahadi hiyo ina muhuri wako mara arobaini na moja."

Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu juu ya sakafu mbovu. Sauti ilipita, ikaisha. Daktari Luhaga hakuwa mtu mbaya. Miaka ile ambayo hospitali haikuwa na glavu wala nyuzi, wenzake wakikimbilia nchi za kusini, yeye alibaki akashona watu kwa uzi alioutafuta mwenyewe mjini. Alichokuwa nacho sasa usoni haikuwa hasira tena. Ilikuwa aibu, nayo kwa mtu mzima ni nzito zaidi.

"Wataona hatujui kuendesha utafiti," alisema kwa sauti ya chini. "Watahamishia kwa majirani."

Wilhelmina angeweza kumkanyaga pale pale, na sehemu moja yake ilitaka sana. Lakini kulikuwa na mtu wodini anayepumua kwa mabega.

"Wataona hivyo wakijua hukusoma," alisema. "Wakijua ulisoma ukaridhia, wataona una msimamo. Waandikie kwamba hapa kwetu mtu hatoi damu yake bure bila kuambiwa ilisema nini. Waandikie ni sharti la hospitali. Ni kweli. Limegongwa muhuri."

Daktari akavuta karatasi, akavaa miwani, akaanza kuandika. Hakumwambia atoke wala abaki, kwa hiyo alibaki, akasimama pale mpaka faksi ilipolia na kuimeza karatasi.

Zilibaki siku nne kati ya zile za Mihayo. Ijumaa Bernadeta alishindwa kumaliza sentensi. Jumamosi maziwa yalimkauka, mtoto akapelekwa kwa shangazi. Jumapili Mihayo alikuja na baiskeli mbili na kaka yake, wakazisimamisha chini ya dirisha la wodi mahali ambapo Wilhelmina angeziona. Siku ilikuwa bado moja.

Jumatatu asubuhi faksi ililia.

Ilikuwa mistari mitatu. Kwa kipimo chao, walisema, watu wenye afya waliokwisha kupimwa mpaka sasa, wa huko na wa Mwanza, hawakupita thelathini. Namba ishirini na tatu ilikuwa mia nane sitini na mbili. Mstari wa tatu uliuliza, bila mapambo, kama mgonjwa huyo bado yu hai.

Daktari Luhaga aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Akatoka bila kufunga mlango, na Wilhelmina akamfuata hatua mbili nyuma. Wodini alivuta kiti akakaa karibu na Bernadeta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka chombo chake cha kusikilizia juu ya moyo, si juu ya mapafu, akafumba macho. Alisikiliza muda ambao angeweza kuona wagonjwa watatu. Akautazama mshipa wa shingo, uliosimama umejaa mpaka karibu na sikio. Akabonyeza chini ya mbavu za kulia, Bernadeta akaguna.

"Ondoa dripu," alimwambia muuguzi. Kisha akamtajia sindano ya furosemidi ya kutoa maji mwilini na vidonge vya digoksini vya kuupa moyo nguvu, na kuagiza chakula cha mgonjwa kipunguzwe chumvi. Akageuka kwa Bernadeta. "Ilianza lini, mama?"

Bernadeta alimwambia. Daktari alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayelisikia jibu ambalo lilikuwa limemngoja siku nyingi. Hakuomba radhi.

Saa ile ile mwili ulianza kuyaachia maji. Mpaka jioni akina mama wa wodi walikuwa wameacha kusuka ukili wakawa wanahesabu vyombo vinavyopelekwa chooni, na mmoja akasema ziwa leo limepata mto mwingine. Bernadeta alicheka, akakohoa, akacheka tena. Alhamisi vifundo vya miguu vilionekana. Zile baiskeli mbili zilirudi Kisesa na watu walewale wawili, lakini hakuna aliyempakia Bernadeta.

Aliambiwa ukweli wote, maana Wilhelmina alikaa pembeni akihakikisha. Moyo wake umelegea baada ya uzazi. Unaweza kurudi, unaweza usirudi. Dawa asiache. Mimba nyingine ingekuwa hatari kubwa. Kusimama kwenye baridi saa nane, basi tena. Mihayo alisikiliza yote akiwa ameshika kofia, kisha akaomba aione ile karatasi.

"Mia nane sitini na mbili nini?" aliuliza. "Maana mimi nikiambiwa mia nane najua ni ng'ombe."

"Ni kile kitu moyo hukitoa ukizidiwa," alisema Wilhelmina. "Wako wewe pengine hautafika thelathini."

Mihayo aliangalia kifua chake mwenyewe, halafu cha mkewe. "Mia nane," alisema, safari hii kwa mkewe. "Na ulikuwa unapika."

"Na msimamizi ameniandika mvivu," alisema Bernadeta. Akanyoosha mkono. "Hiyo karatasi ni yangu. Nitakwenda nayo kiwandani akaisome mbele ya meza zote."

Daktari alisema karatasi ni ya faili. Bernadeta hakuurudisha mkono. Wilhelmina akakaa kwenye kona ya kitanda, akainakili kwa Kiswahili, namba, maana yake na tarehe, akampa Daktari agonge muhuri. Daktari Luhaga aliisoma neno kwa neno, mara mbili, midomo ikichezacheza. Akagonga.

Wiki iliyofuata barua ilimkuta Wilhelmina maabara. Ilikuwa ya onyo, kutoka kwa uongozi wa hospitali. Ilisema ameongeza maneno kwenye hati ya utafiti bila idhini ya maandishi, na akirudia ataondolewa kazini. Sahihi iliyokuwa chini yake aliifahamu. Ndiyo ileile iliyowaandikia Ulaya kwamba ni sharti la hospitali. Mbele ya wageni Daktari alikuwa amesimama naye, nyumbani akamchapa. Wilhelmina alilitafakari hilo kwa muda wa kichupa kimoja kuzunguka kwenye mashine, akaona anaweza kuishi nalo.

Chini ya barua paliachwa mistari mitano kwa ajili ya maelezo ya mtumishi. Wengi huandika pale kwamba wanajuta na hawatarudia. Alitoa kalamu, akaandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kusomeka hata bila miwani:

*Onyo nimelisoma na nimelielewa. Sijuti. Faksi ya Jumatatu ilileta majibu ya mtu mmoja. Naomba ya wengine arobaini, namba kwa namba, kabla ya mwisho wa mwezi. Wote waliahidiwa.*

Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa koti, akapita kati ya yale mawe mawili kwenda kuipeleka mwenyewe.